Spoila Iliyobaki Muheza

Maneno haya niliyasema mbele ya vijana wa ufundi wa bodi na rangi hapa Tanga, wiki yao ya mwisho darasani. Mwalimu wao akaniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka, nimepunguza kikohozi tu.

Marahaba, marahaba. Kaeni, vijana.

Mnaona nimekuja na gunia. Ndani mna spoila mbili, yale mabawa ya juu ya buti la gari. Moja nimeimaliza juzi, bado inanuka rangi. Ya pili niliiunda mwaka 2009, na hiyo sitaitoa sasa hivi. Nikiitoa mapema mtacheka, na mtu akishaanza kucheka hasikii tena. Tutafika.

Mwalimu amenipa kazi ya kuwaeleza jinsi ya kuunda spoila nyumbani, bila kiwanda, bila mashine kubwa, kwa vitu mnavyovipata dukani na kwa mafundi wenzenu. Nimekubali kwa sharti moja: kwamba nitaongea zaidi habari za nati kuliko habari za umbo. Umbo mtalipata. Vijana wa siku hizi mna macho mazuri kuliko sisi, na picha mnazo kwenye simu. Nati ndiyo hamna mtu anayewapigia picha.

Mteja atakuja gerejini na hiyo simu. Atakwambia, "Fundi, nataka kama hii." Picha ni ya Subaru, gari lake ni Corolla. Msimcheke. Mimi mwenyewe nilianzia hapo hapo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, lakini magari ya enzi zile hayakuwa na mabawa. Mabawa tuliyazoea miaka ya tisini: Lancer ya Tommi Mäkinen ikashinda Safari ya 1996, Subaru ya buluu ya Colin McRae ikashinda 1997, Richard Burns akaja kushinda na Subaru mwaka 2000. Baadaye magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandarini, Altezza na Impreza zikashuka na spoila zake za kiwandani, na mwenye Corolla akajiona kama aliyekwenda harusini bila kofia.

Sasa spoila inafanya nini? Mmeshaona bati linavyong'oka siku ya upepo mkali. Watu husema upepo umeingia chini ukalisukuma. Ni kweli, ila ni nusu tu ya habari. Upepo unaopita juu ya paa unakimbia, na ukikimbia mgandamizo wake unapungua, kwa hiyo bati linanyonywa kwa juu huku linasukumwa kwa chini. Paa la gari nalo limepinda. Gari likienda kasi, hewa inakimbia juu yake, inateremka kwenye kioo cha nyuma mpaka kwenye buti, na sehemu ya nyuma inapungua uzito. Tairi za nyuma zinaanza kuikanyaga lami kwa woga. Spoila inasimama pale mwisho wa mteremko na kuuharibia upepo safari yake. Hata jina lake la Kiingereza maana yake ni hiyo hiyo, kiharibifu.

Porsche walilijua hilo. Mwaka 1972 walitoa 911 Carrera RS 2.7 ikiwa na kimkia kifupi kilichoinuka juu ya injini, watu wakakiita mkia wa bata. Hakikuwa bawa la kupaa juu ya gari, kilikuwa kidogo tu, na kikatosha. Audi wao walijifunza kwa uchungu. TT yao ya kwanza ilitoka mwaka 1998, nzuri, laini, nyuma imeviringana kama yai, haina spoila. Madereva wa Ujerumani wakaipeleka mwendo mkali kwenye barabara zao kuu, ikaanza kuwaponyoka kwenye kona na wakati wa kubadilisha njia, na watu wakafa. Kiwanda kikayaita magari yarudi, kikarekebisha mambo kadhaa ya chini, na juu ya buti kikaweka kispoila. Angalieni picha zake za kabla na za baada. Ni kipande chembamba mno.

Lakini mwendo ule ni wa kule, na hesabu yake iko hivi. Chukua bawa la urefu wa mita 1.2 na upana wa sentimita 20, lililochongwa vizuri na kuelekezwa vizuri. Gari likiwa kwenye kilomita 120 kwa saa, bawa hilo linaweza kukandamiza nyuma kwa uzito wa kama kilo 16. Nguvu ya upepo haipungui sawa na mwendo: mwendo ukipungua nusu, nguvu inabaki robo. Kwa hiyo kwenye kilomita 60 unabakiwa na kilo 4, hata mfuko wa sembe wa kilo 5 haufiki. Mjini, mnapotakiwa msizidi 50, ni kilo 3 tu, chini ya mtoto wa kubebwa mgongoni. Mtu akiwaambia spoila imemfanya ashike kona vizuri pale mzunguko wa mjini, mkubalieni kwa adabu, kisha mwangalie tairi zake.

Basi kwa mteja wako, spoila ni pambo. Sisemi kwa dharau. Mlango wa Unguja unafungika vizuri tu bila kuchongwa maua, na bado watu wamechonga. Vijana wa Nairobi wanapamba nganya zao, yaani matatu zao za abiria, mpaka gari linakuwa kama disko lenye magurudumu, abiria wanaacha matatu tupu wanaisubiri ile. Pambo lina kazi yake. Tofauti ni kwamba la ukutani likidondoka linavunjika lenyewe. La kwenye gari likidondoka, nyuma yake kuna mtu.

Na hapo ndipo inapoingia ile ya kwenye gunia.

Mwaka 2009 mpwa wangu alinunua Corolla, nyeusi. Akaniambia, "Mjomba, wewe fundi, gari langu linatembea uchi." Nikamwahidi spoila kwa wiki moja. Siku zile nilikuwa najua kunyoosha bodi na kupiga rangi, faiba, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, niliiona kwa mbali tu. Nikachukua yale maboksi meupe ya fomu yanayokuja na televisheni, nikayagundisha, nikachonga kwa kisu cha mkate. Nikanunua resini, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu. Kitambaa cha faiba nikakiona ghali, na mimi ni mtu wa Tanga, nimezungukwa na mkonge. Nikajiambia, mafundi jipsam wanaweka katani kwenye urembo wa dari na unashika miaka, kwa nini mimi nisiweke? Nikaona nimevumbua kitu. Nikachana katani, nikaitandaza, nikamwagia resini. Nje nikaifunika kwa puti nyingi, nikapiga msasa, nikapiga rangi nyeusi. Ilimeta, wallahi. Hata mkewe mpwa wangu alisifia, na yule si mtu wa kusifia.

Kuifunga, nilitumia gundi ya utepe wa pande mbili urefu wote, na skrubu mbili za bati, moja kila ncha, zimeuma kwenye ngozi ya buti tu. Niliona zinatosha maana nilijaribu kuivuta kwa mkono, haikucheza.

Ilikaa miezi mitatu. Siku moja tunatoka Segera kurudi Tanga, saa nane mchana, jua linawaka, mpwa yuko kwenye kama 110. Tumekaribia Muheza nikasikia mlio nyuma, tap-tap-tap-tap, kama mtu anabisha hodi kwa kidole. Nikamwambia punguza. Hakupunguza upesi. Mlio ukakatika, na kwenye kioo nikaiona spoila yangu iko hewani, inazunguka polepole kabisa, kama haina haraka ya kwenda popote.

Nyuma yetu kulikuwa na kijana wa bodaboda, amefunga tenga la machungwa. Mnaijua Muheza na machungwa yake. Alikwepa, akaingia kwenye mchanga pembeni, akalala na pikipiki. Alhamdulillahi alichubuka kiwiko tu. Machungwa ndiyo yalitapakaa barabara nzima, lori likapita juu, harufu ile naikumbuka mpaka leo; nikimenya chungwa nasikia tap-tap. Tulipomfikia alikuwa ameshainuka, ameokota spoila, ameishika kwa mikono miwili kama sinia. Akaniambia, "Mzee, bawa lako hili." Hakutukana. Angenitukana ningelala vizuri zaidi usiku ule. Nikamlipa machungwa yote, nikamlipa na kioo cha pikipiki.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai, ndiyo maana nimeibeba mpaka hapa.

Msidhani ni sisi wa gereji za chini ya mwembe tu. Tarehe 4 Mei 1969, mashindano ya Formula One Barcelona, pale Montjuïc, magari mawili ya Lotus yalivunjika mabawa siku moja, moja la Graham Hill, jingine la Jochen Rindt. Mabawa ya siku zile yalisimama juu kwenye vijiti vyembamba, marefu kuliko kichwa cha dereva. Hill alitangulia kugonga, kisha Rindt naye bawa likasalimu amri mahali hapo hapo, akaligonga gari la mwenzake lililokwisha kuharibika. Wiki mbili baadaye, Monaco, mabawa marefu yakapigwa marufuku. Nani asiyejua hesabu pale Lotus? Walijua. Vijiti ndivyo vilivyokataa.

Sasa tufanye kazi.

Siku ya kwanza usiguse resini. Chukua boksi la katoni, mkasi na utepe wa karatasi wa wapiga rangi. Kata umbo la spoila kwa katoni, libandike kwenye buti, rudi nyuma hatua kumi. Angalia kutoka nyuma, kutoka pembeni, kisha chuchumaa uangalie kwa usawa wa taa. Mwite mteja. Mwache nalo hata siku mbili. Katoni ikikatwa vibaya unakata nyingine. Faiba ikikatwa vibaya umekula hasara. Wakati katoni iko pale, kaa kiti cha dereva uangalie kioo cha kati. Kama spoila inakata kioo cha nyuma katikati, pale ndipo bodaboda atakapojificha. Mtu mwingine asimame nyuma mita kumi, wewe kanyaga breki, akwambie kama ile taa ya tatu, ya kwenye kioo, bado inaonekana. Ikifichwa, shusha spoila au pandisha, hakuna majadiliano na mteja hapo. BMW walipouza 3.0 CSL yenye mabawa mwaka 1973, Ujerumani bawa halikuruhusiwa barabarani, wakawa wanaliweka ndani ya buti, mteja akalifunge mwenyewe. Ninyi hamna pa kulificha.

Ukishapata umbo, funika buti. Utepe wa karatasi kwanza, eneo lote na zaidi, juu yake karatasi ya fedha ya jikoni iliyonyooshwa, juu yake nta ya gari. Resini ikidondoka kwenye rangi ya mtu utaipiga rangi buti lote kwa pesa yako.

Halafu fanya kile mimi nakiita unyayo. Juu ya ile karatasi yenye nta, tandaza tabaka mbili za faiba ziloe resini, ziache zikauke hapo hapo juu ya buti. Ukizibandua zina mpindo wa buti lile, na hakuna buti jingine duniani lenye mpindo uleule, hata Corolla ya jirani, maana ile ilishagongwa ikanyooshwa. Unyayo ndio sakafu ya spoila yako. Ukianzia hapo, spoila itakaa kwenye buti bila mwanya. Ukianzia kwenye fomu kama nilivyoanza mimi, utakuwa unaziba mianya kwa silikoni mpaka uzee.

Juu ya unyayo unajenga fomu. Ile nyeupe ya televisheni, kwa resini hii ya poliesta, inayeyuka kama sukari kwenye chai. Ndani ya resini mna kemikali inaitwa stairini, na ile fomu yenyewe imetengenezwa na stairini, ndugu wawili wakikutana wanakumbatiana. Mwaka 2009 sikulijua hilo. Niliona resini inaingia ndani inapotea, nikafikiri inashika vizuri. Tumieni lile povu la kupulizia la mafundi wa madirisha ya alumini. Likikauka linakuwa la njano, linachongeka kwa msumeno na msasa, na haliliwi na resini. Lipulize kidogo kidogo, linavimba kuliko unavyodhani.

Resini. Hapa nisikilizeni vizuri, hata ninyi wawili wa nyuma mnaochora.

Resini peke yake haikauki upesi. Inaamshwa na hadna, yale maji maangavu kwenye kichupa kidogo. Kilo moja ya resini inataka mililita 10 mpaka 20 za hadna. Kwa joto letu la Januari mimi nakaa kwenye 10, na nafanya kazi baada ya swala ya alfajiri, jua halijapanda. Wengi wanapima kwa kifuniko cha soda. Nendeni duka la dawa, nunueni bomba la sindano, ni bei ya andazi. Msichanganye zaidi ya nusu kilo kwa mkupuo. Mchanganyiko ukikaa mwingi ndani ya kopo unajichemsha wenyewe, kopo linafuka moshi na linaweza kuwaka. Ukiona linapata moto mkononi, litoe nje, liweke mchangani, acha.

Hadna ikiingia jichoni inaweza kulipofua. Vaeni miwani ya kazi, ile iliyofunga pembeni, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Glavu pia, na barakoa ya vichujio, ile ya kitambaa haizuii moshi wa resini. Na msihamishie hadna kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mnafanya kazi nyumbani, kuna wadogo zenu, na ile hadna haina tofauti na maji kwa macho.

Kitambaa cha kufunika lile povu: chukueni ile faiba ya nyuzi zilizokatwakatwa, gramu 450 kwa mita ya mraba. Tabaka tatu zinakupa unene wa milimita kama 3, zinatosha kabisa. Kila mita ya mraba ya tabaka moja inakunywa karibu kilo moja ya resini. Kwa brashi usipake, pigapiga. Mtu akipaka anazivuta nyuzi zinakusanyika upande mmoja. Pigapiga mpaka weupe unapotea, faiba inakuwa kama ile karatasi ya kufungia maandazi ilipoloa mafuta, unaona hadi chini. Palipobaki peupe pana hewa, na hewa ndiyo inayobanduka. Tabaka la pili liwekwe la kwanza likiwa bado linanata. Ukilala likakauka, asubuhi lipige msasa kwanza. Na msasa wa faiba unawasha kama upupu: mikono mirefu, na mkioga anzeni na maji baridi.

Kuhusu katani yangu. Wazo lenyewe halikuwa la kijinga, viwanda vya magari Ulaya vimeweka nyuzi za mimea, na mkonge ukiwemo, kwenye paneli za ndani za milango. Lakini za kwao zimekaushwa, zimetibiwa, zimebanwa kwa mashine ya joto, tena ziko ndani ya gari, hazinyeshewi. Yangu niliitoa uani imekunywa umande. Katani inafyonza maji, resini inakataa maji. Mnaweza kumalizia wenyewe.

Sasa nati, nilizowaahidi.

Ngozi ya nje ya buti haifiki unene wa milimita 1. Skrubu inayouma pale ni kama msumari kwenye bati la soda. Fungua buti, angalia kwa chini: kuna ngozi ya pili, imekunjwakunjwa kama mbavu, ina matundu ya kupitisha mkono. Spoila ifungwe mahali ambapo spana yako inafika, karibu na hizo mbavu. Weka alama nne, kwa spoila ndefu sita.

Upande wa spoila, kata vibati vya chuma vya milimita 3, ukubwa wa kiganja cha mtoto, chomelea bolti za milimita 6 zikitazama chini. Vibati hivyo vilaze juu ya unyayo, bolti zipite chini yake, kisha vizike kwa tabaka tatu nyingine za faiba kabla hujapuliza povu. Ukifanya hivyo, mwenye kuing'oa spoila itabidi aing'oe na sakafu yake. Mwaka 1966 Jim Hall wa Texas, kwenye gari lake la Chaparral 2E, alilisimamisha bawa kwenye vijiti vilivyoteremka moja kwa moja mpaka kwenye vishikio vya magurudumu ya nyuma, hakuiamini bodi hata kidogo. Sisi hatuna haja ya kufika huko. Ila swali lake ndilo la kujiuliza: nguvu ikishapiga juu, inateremkia wapi?

Toboa buti kwa drili ya milimita 3 kwanza, kisha 7. Kila tundu lipake praima ya kuzuia kutu, kuta zake zote, liache likauke. Kati ya spoila na buti weka mpira mwembamba wenye silikoni kuzunguka kila bolti, la sivyo masika yakifika tairi la akiba litakuwa linaogelea na mteja hatajua maji yametokea wapi. Kwa ndani, kibati kingine au washa pana, kisha nati yenye nailoni, ile isiyolegea kwa mtikisiko. Matuta yetu yanalegeza hata ndoa.

Upepo sio adui mkubwa wa spoila, vijana. Adui ni mtu anayebamiza buti. Kila anapobamiza, uzito wa spoila unataka kuendelea kushuka wakati buti limesimama. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mteja, bamiza mara hamsini. Kisha shika ncha, vuta juu kwa nguvu zako zote mpaka gari linyanyuke kwenye springi. Kisha fungua buti uliachie: kama halisimami lenyewe, uzito umezidi springi zake. Rekebisha springi au punguza spoila. Mteja wangu mmoja alipigwa kisogoni akitoa gunia la mihogo, na alikuwa na haki ya kila neno alilonitolea.

Puti, msasa wa 80 mpaka 400, praima, rangi, klia: hayo mmefundishwa na mwalimu wenu kuliko ninavyoweza mimi. Ninaongeza moja tu. Puti iwe ya kusawazisha, isiwe ya kujenga. Ukijiona unaweka puti nene kama chapati, rudi kwenye faiba.

Naam, binti. Sema kwa sauti.

Anauliza kwa nini tusinunue ya plastiki, iliyokwisha kutengenezwa, Kariakoo zipo. Swali zuri, na jibu lake litaniharibia biashara: kama ya gari lako ipo na inakaa bila mwanya, nunua. Itakuwa nyepesi na itafika leo. Ya kuunda ni ya gari ambalo haipatikani yake, au mteja anayetaka isiyofanana na ya mtu, au fundi anayetaka kujua. Ila hata ya dukani, ikija na utepe wa gundi peke yake, itoboe uifunge. Buti jeusi likichomwa na jua mchana kutwa linaweza kukuunguza kiganja, na gundi inalegea. Ya kwangu ilianza kuachia ncha moja, upepo ukaingia chini, yaliyobaki nimeshawaambia.

Haya. Mwalimu, nisaidie kufungua gunia.

Hii nyekundu ni ya juzi. Hii nyingine ndiyo yenyewe. Chekeni sasa, muda wenu umefika. Rangi bado inameta, mnaona? Ncha hii imevunjika pale Muheza, na hizi nywele zinazochungulia ndiyo katani.

Kuna mzee wa boti za faiba aliyenifundisha kazi hii upya baada ya aibu ile. Hakuwa na kifaa chochote cha kupimia. Alikuwa na sarafu. Anagonga boti nzima polepole, anasikiliza. Palipo imara panalia ting, kavu. Palipo na hewa au maji panalia kama mtu anagonga papai.

Binti, wewe uliyeuliza, njoo. Hii sarafu ya mia, na hii chaki. Anza na nyekundu, sikio lako lizoee. Halafu njoo kwenye nyeusi, anzia kushoto, kila unaposikia papai chora duara. Wengine kimya. Ukimaliza, yule pale atawasha grainda, tutaikata katikati ya duara lako la kwanza, maana hata mimi sijawahi kuiona ndani.